Mgunga, ukuta wa jirani na jeshi: je, ulinzi ni somo moja?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Moshi, na mume wangu ni mstaafu wa jeshi. Tangu jirani yetu hapa mtaa wa Soweto aweke fensi ya umeme juu ya ukuta wake, nyumbani kwetu hakukaliki. Mzee anataka na sisi tuongeze kozi nne za tofali na seng'enge juu. Anasema hata mimi nafundisha hivyo hivyo darasani: mgunga una miiba, kobe ana gamba, nyumba ina ukuta, nchi ina jeshi, yote ni jambo moja. Mimi namjibu kwamba hiyo ni mifano tu ya kuwachangamsha wanafunzi. Je, kuna utafiti wa kweli unaounganisha ulinzi wa viumbe, wa mtu binafsi na wa taifa? Na binti yetu wa kidato cha sita akitaka kusomea mambo haya, aende wapi?

JIBU: Mwalimu, mfikishie Afande shikamoo yangu kabla hajasoma ninayoyaandika, maana mengine hayatampendeza.

Utafiti upo. Mwaka 2002 mwanaikolojia wa bahari aitwaye Rafe Sagarin, ambaye kazi yake ilikuwa viumbe wa miambani pwani ya California, alikuwa Washington kama mshauri wa sayansi katika bunge la Marekani. Ilikuwa miezi michache baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Aliona vizuizi na vifaa vya ukaguzi vikiongezeka, na aliona pia wafanyakazi wakizoea haraka namna ya kuvipita bila usumbufu. Akajiuliza: viumbe vimeishi na maadui kwa zaidi ya miaka bilioni tatu, hivi navyo hujilinda namna hii? Akishirikiana na Terence Taylor, aliyewahi kuwa mkaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa kule Iraq, aliwakusanya wataalamu wa visukuku, wa magonjwa, wa tabia za viumbe na wa mikakati ya usalama, na mwaka 2008 kazi yao ikachapishwa. Mmoja wao alikuwa Geerat Vermeij, mtaalamu wa konokono wa kale, kipofu tangu utotoni, ambaye huyasoma magamba kwa vidole. Kovu lililopona kwenye gamba ni shambulio la kaa lililoshindwa. Kwa makovu hayo ameeleza jinsi magamba yalivyozidi kuwa manene na makucha ya kaa yalivyozidi kuwa na nguvu, kwa mamilioni ya miaka, upande mmoja ukiusukuma mwingine.

Njia hiyo imepitiwa pia kutoka upande wa pili. Hesabu za kutabiri mpinzani atafanya nini, ambazo wakati wa Vita Baridi zilikuwa mikononi mwa wapangaji wa vita vya nyuklia, zilichukuliwa na John Maynard Smith na George Price mwaka 1973 kueleza kwa nini wanyama wa aina moja wakigombana hutishana zaidi kuliko kuuana. Maynard Smith mwenyewe alikuwa mhandisi wa ndege kabla hajawa mwanabiolojia. Hapo Afande ana hoja, tena nzito.

Ila anaposema "yote ni jambo moja" analiruka swali ambalo kwangu ndilo lenye nyama. Ulinzi una bei: ni nani anayeilipa? Ukiuliza hivyo, mgunga, ukuta na jeshi vinaanza kutofautiana, na tofauti hizo ndizo zenye faida kwenu wawili.

Tuanze na mgunga, kwa kuwa ndio mfano wenu. Simaanishi ile migunga mirefu ya mtoni. Nasema ule mfupi wa mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaouona ukipita Simanjiro au Serengeti, wenye vinundu vyeusi kwenye shina la miiba, ambao upepo ukivuma hupiga mluzi. Vinundu hivyo ni nyumba za sisimizi. Mti huwajengea makazi na kuwapa maji matamu yanayotoka kwenye majani, nao humrukia anayekuja kula. Tembo, pamoja na ngozi yake, hauwezi mchezo huo: sisimizi humwingia ndani ya mkonga, kwenye ngozi laini. Jacob Goheen na Todd Palmer walionyesha mwaka 2010 kwamba tembo huiepuka miti yenye walinzi hao na kuila bila shida ile ambayo wameondolewa.

Sasa sikiliza kilichotokea Laikipia, Kenya. Tangu mwaka 1995 kuna maeneo yaliyozungushiwa fensi ili tembo, twiga na wanyama wengine wakubwa wasiingie. Ungedhani mgunga ambao haujaguswa na tembo kwa miaka kumi utanawiri. Palmer na wenzake walipoupima, matokeo yao yakatoka mwaka 2008: miti iliyokaa bila adui ilikuwa imepunguza vinundu na maji matamu, yaani imekata mishahara ya walinzi. Wale sisimizi wakali wakapungua nguvu, na nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine isiyohitaji vinundu kabisa. Hawa hukaa kwenye matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mende wa mbao, kwa hiyo mende kwao si adui, ni fundi wa kuwajengea. Miti hiyo ikakua polepole na ikafa zaidi kuliko ile inayoliwa na tembo kila mwaka.

Mfundishe binti yako hilo taratibu, Mwalimu. Watu wengi wakilisikia hukimbilia kusema: unaona, usipunguze jeshi hata wakati wa amani. Mimi silisomi hivyo. Mti haukukosea kukata gharama; tembo kweli hawakuwepo. Kilichouponza ni kwamba malipo yale yale yalikuwa yakiwazuia maadui wawili, mmoja mkubwa anayeonekana na mmoja mdogo wa ndani ya gome, na bajeti ilikuwa inafuata yule mkubwa peke yake. Kabla ya kuongeza au kupunguza ulinzi wowote, jua kwanza unakufanyia kazi ngapi.

Kuna kisa cha pili kutoka eneo hilo hilo la Laikipia, kilichochapishwa mwaka 2024. Sisimizi wageni, wale wenye kichwa kikubwa wanaosambaa na mizigo ya binadamu, walivamia na kuwaua sisimizi wa mgunga, wakati wao wenyewe hawaulindi mti. Kwenye maeneo waliyovamia tembo walivunja miti mara tano hadi saba zaidi. Pori likawa wazi. Simba, ambaye huwinda pundamilia kwa kujibanza, akakosa pa kujificha. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa 67% ya mawindo ya simba pale. Kufikia 2020 walikuwa 42%, na nyati, ambao mwanzo hawakuwemo, nao wakafika 42%. Mlinzi wa mti kaondoka, aliyelipa ni nyati. Hakuna bajeti ya wizara yoyote ambayo ingeweka mstari huo.

Ndani ya mwili wa binadamu bei ni chungu zaidi, na huu mfano unaufundisha kila mwaka. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Akirithi kwa wote wawili, anaugua selimundu. Kinga ya jamii nzima ya nyanda zenye mbu inalipiwa na mtoto mmoja anayelia kwa maumivu ya mifupa usiku. Hakuna aliyepanga hivyo, na hapo ndipo biolojia inapoachana na serikali: uteuzi wa asili haumuulizi anayelipa kama ameridhia. Serikali inapaswa kuuliza.

Sasa ukuta wenu.

Mwaka 1998 Ian Ayres na Steven Levitt walichunguza wizi wa magari katika miji ya Marekani ambako kifaa cha LoJack kilikuwa kimeanza kuuzwa. Ni kisambaza mawimbi kinachofichwa ndani ya gari ili polisi walifuate likiibwa, na nje hakuna alama yoyote inayosema gari hili linacho. Kwa kuwa mwizi hajui lipi linacho, anaogopa yote. Walikadiria kwamba mwenye kukinunua anapata chini ya 10% ya faida. Iliyobaki inawaendea majirani ambao hawakutoa hata senti. Geuza sasa upande wa pili. Fensi ya umeme, seng'enge, chupa zilizovunjwa juu ya tofali, kibao cha "Mbwa Mkali": vyote vinamwambia mwizi jambo moja, nenda nyumba ya pili. Jirani yako amenunua usalama wake na sehemu ya bili ameisukuma kwako. Nyinyi mkiongeza kozi nne mtaisukuma kwa mjane wa nyumba ya tatu. Swala tomi naye hufanya hesabu hiyo: akimwona mbwa mwitu huruka juu miguu ikiwa imenyooka, na utafiti wa Clare FitzGibbon na John Fanshawe wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba mbwa mwitu huwachagua wanaoruka kidogo. Anayeruka sana haokoi kundi. Anamtaja mwenzake.

Kwa hiyo Afande yuko sahihi kwamba ukuta mrefu unafanya kazi, nami ndiyo maana siupendi.

Ulinzi ambao faida yake inabaki mtaani ni wa namna nyingine, na mifano yake mizuri iko ng'ambo tu ya mlima wenu. Kule Amboseli, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mtini. Wa tai, huangalia juu au hujitupa kichakani. Wa nyoka, husimama wima wakitazama chini. Mlio unawaambia la kufanya. Linganisha na ving'ora vya Soweto kwenu, au vya Njiro na Sakina hapa Arusha: sauti moja kwa mwizi, kwa paka aliyegusa waya, kwa umeme uliokatika na kurudi. Mtaa ukikubaliana filimbi moja ni ya mwizi, sufuria zikigongwa ni moto, na honi ndefu ni mgonjwa anayehitaji gari, mmefika walikofika tumbili, na gharama yake ni kikao kimoja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Cheney na Seyfarth waliendelea kuchimba. Mwaka 1988 walirekodi sauti ya tumbili mmoja na kuipiga tena na tena wakati hakuna hatari. Wenzake wakaacha kumjali yeye, lakini mlio huo huo ukitoka kwa tumbili mwingine walishtuka kama kawaida. Hapa kuna jambo ambalo hata wataalamu huchanganya. Daktari Randolph Nesse ameeleza kwa nini mwili hupiga kengele nyingi za bure: kutapika chakula kizima kunagharimu mlo mmoja, kubaki na sumu kunagharimu maisha, basi bora utapike mara kumi bure. Kweli, ila ndani ya mwili mmoja anayepiga kengele na anayeitikia ni yule yule. Mtaani ni watu tofauti, na kila king'ora cha bure kinapunguza idadi ya watakaotoka kitandani siku ya kweli. Mlipaji ni wewe wa kesho.

Msije mkadhani nasema ulinzi wa pamoja hauna bei. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walioanza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipunguza wizi wa ng'ombe pale ambapo polisi walikuwa mbali, na sheria ikaja kuwatambua. Katika baadhi ya vijiji vikundi hivyo hivyo viligeukia vikongwe vikiwaita wachawi. Ndiyo sababu nimesema kikao kwa mwenyekiti wa mtaa, chenye majina na muhtasari, si kundi la vijana wenye virungu na hasira.

Nikija kwenye nchi nitaenda haraka, kwa kuwa Afande anaijua kuliko mimi. Mwaka 1950 mtaalamu wa siasa za kimataifa John Herz alieleza tatizo ambalo mwenzake Robert Jervis alilifafanua zaidi mwaka 1978: nchi ikijiimarisha kwa hofu, jirani haoni hofu, anaona maandalizi ya kumshambulia, naye anajiimarisha. Wote wanaishia kutumia zaidi wakiwa salama kidogo kuliko walivyoanza. Jervis alisema mengi hutegemea kama silaha ya kujilinda inatofautiana na ya kushambulia. Boma la Mmasai haliwezi kumvamia mtu. Kule Simanjiro sasa kuna maboma ambayo nguzo zake ni miti hai ya jamii ya manemane iliyofungwa waya wa fensi. Simba hapiti, jirani hatishiki, na miiba haikatwi tena kila msimu. Kifaru cha vita, hata ukikiita cha kujilinda, kina magurudumu.

Lakini Jervis hamalizi kila kitu. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya Amin kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mtaalamu yeyote wa kumzuia adui kwa vitisho angekuambia hivyo ndivyo vitu vitatu ambavyo adui huvipima. Ila Amin alikuwa ameshapima vibaya, na maneno hayo yalikuja baada ya uvamizi. Kwa hiyo hayakuwa tena onyo, yalikuwa ahadi. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana hapo hapo mjini kwenu Moshi kupanga serikali, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Halafu bili ikaja. Mliokuwa watu wazima mnakumbuka tulivyoambiwa tufunge mikanda miezi 18, na jinsi miezi hiyo ilivyokataa kwisha. Mimi nadhani vita ile ilikuwa ya haki. Haki haiondoi bei.

Na kuna ule ulinzi unaokugeuka. Kinga ya mwili ikishambulia viungo vyake tunaita ugonjwa, na mwili una mahali pa kuzuia hilo: seli changa za kinga hupitishwa kwenye tezi ya thaimasi, na zile zinazoushambulia mwili wenyewe huuawa kabla hazijatoka. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo huo likazaliwa JWTZ, likiajiri vijana wa TANU na wa JKT. Afande akitaka kumwelezea binti yake kazi ya thaimasi, aanzie hapo. Ataeleza vizuri kuliko kitabu cha kidato cha sita.

Sasa nirudi upande wako, Mwalimu, maana una sababu ya kuogopa mifano kuliko pengine unavyojua. Friedrich Ratzel alianza kama mwanazuolojia kabla hajawa mwanajiografia, na ndiye aliyeandika mwaka 1901 juu ya taifa kuhitaji "nafasi ya kuishi" kama kiumbe. Baadaye Wanazi waliichukua fikra hiyo wakaitumia kuhalalisha uvamizi na mauaji. Na hapa Arusha, katika jengo la AICC, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilisikiliza jinsi redio na gazeti vilivyowaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Hukumu ya kesi hiyo ya wanahabari ilitolewa Desemba 3, 2003. Mtu akishaitwa mdudu, kumuua kunaitwa usafi na muuaji anajiona mlinzi. Kwa hiyo mimi huruhusu mfano uende kutoka kwa mnyama kwenda kwenye mbinu: kengele, gharama, ishara, gamba. Ukianza kwenda kutoka kwa mnyama kwenda kwa watu fulani, au kwa taifa zima kama mwili mmoja wenye wasafi na wachafu, nasimamisha somo. Darasani fanya hivyo hivyo.

Kuhusu ukuta, uamuzi ni wenu. Ningekuwa mimi, fedha ya kozi nne ningeiweka kwenye taa mbili za nje zinazomulika barabara, si ua wangu, na geti ambalo mtu aliye ndani anaweza kuona nje. Ukuta mrefu humficha mwizi vizuri sana akishaingia.

Binti aende wapi? Idara inayoitwa "ulinzi wa kila kitu" hamtaipata Tanzania, nami nisingemshauri aitafute. Kama anapenda wanyama, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka kiko juu tu ya nyumba yenu, na kimefundisha tangu 1963. Kama anapenda kinga na magonjwa, chuo cha udaktari cha KCMC ni mwendo wa daladala. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kina usimamizi wa wanyamapori, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina zuolojia, na Dar wana pia sayansi ya siasa kwa upande wa Jervis. Taasisi ya Nelson Mandela hapa Tengeru inachukua wa uzamili na uzamivu tu, hiyo ni ya baadaye. Popote aendako, asikimbie takwimu. Tafiti nyingi nilizozitaja hapo juu zilisimama kwa kuhesabu. Na kama anasita kati ya biolojia na siasa, aanze na biolojia. Siasa atazisikia bure mezani kwa baba yake.